Shanga za Rumanyika na Daftari la Dukani

Duka langu lina mlango mmoja, liko Omurushaka, pale barabara ya Kyerwa inapoachana na ile ya Kayanga. Kibao kinasema ni duka la zawadi. Ukiingia utaona seti za glasi, saa za ukutani, chupa za chai, fremu za picha, maua ya plastiki, mashada ya mahafali, mablanketi juu kabisa karibu na dari, na chini ya kaunta mabunda ya karatasi na riboni. Ila kibao hakisemi yote. Napamba kumbi, nakodisha viti na vitambaa, nakaa kwenye vikao vya harusi mpaka saa nne usiku nikisikiliza watu wakibishana kuhusu idadi ya kreti za soda. Na nina daftari. Daftari ndilo duka lenyewe, hivyo vingine ni mapambo.

Nimetaka siku nyingi kuandika kuhusu hilo daftari, na sikuwa na pa kuanzia mpaka niliposoma kitabu cha John Hanning Speke, kile cha mwaka 1863 kuhusu safari ya chanzo cha Nile. Kinapatikana bure mtandaoni kwa Kiingereza. Nilikisoma kwenye simu, usiku, umeme ukiwa umekatika, kwa sababu mteja mmoja mwalimu aliniambia Karagwe yetu imo. Kweli imo, na kwa kurasa nyingi. Speke na mwenzake Grant waliingia kwa mfalme Rumanyika Novemba 1861, wakitokea Kazeh, Tabora ya leo. Wengi wakikitaja kitabu hicho hukumbuka kitu kimoja tu: wanawake wa jamaa ya mfalme walionenepeshwa kwa maziwa, na Mzungu kuchukua kipimo kumpima mmoja wao mwili kama fundi cherehani asiye na adabu. Mimi kilichonishika ni orodha.

Speke aliandika alichompa Rumanyika, kitu kwa kitu. Sanduku la bati. Koti. Yadi 5 za kitambaa chekundu cha sufu. Waya wa shaba. Shanga kubwa za buluu, halafu mafungu ya shanga ndogo za rangi mbalimbali. Nilipofika hapo nilicheka peke yangu gizani. Ile si habari ya mpelelezi, ni risiti! Ningeweza kuinakili kwenye daftari langu kati ya mama fulani wa Nkwenda na kwaya ya Kayanga, na hakuna ambaye angeshtuka isipokuwa kwa waya.

Kuna jingine ambalo wapenda Kiswahili wangelijua: Speke anasema mfalme aliwasalimu kwa Kiswahili kizuri. Mwaka 1861, juu huku milimani, mwendo wa wiki na wiki kutoka pwani. Tunaofundishwa kwamba Kiswahili kililetwa bara na Wajerumani na shule tunapaswa kusimama hapo kidogo. Lugha ilikuwa imeshafika Bweranyange kabla ya bendera yoyote, na ilifika na wauza shanga.

Maana jirani na ikulu palikuwa na Kafuro, kituo cha wafanyabiashara Waarabu na Waswahili. Stanley alipopita mwaka 1876 alikaribishwa pale na Hamed Ibrahim, mtu aliyekwisha kukaa Karagwe miaka mingi, tajiri, mwenye ng'ombe na watumwa na pembe za ndovu. Kafuro ilikuwa duka. Vitu vya kuvutia macho viliingia: nguo, shanga, waya. Vikatoka pembe, na watu. Nikiwa muuza vitu vya kuvutia macho, sikuipita sentensi hiyo haraka.

Stanley huyohuyo alionyeshwa nyumba ya hazina ya Rumanyika. Anataja bata wa shaba, na ng'ombe wa shaba wasio na vichwa, na mikuki, kila kitu kimepangwa ili kionekane. Nadhani hapo ndipo penye tabia yetu ya kudumu. Zawadi Karagwe ni kitu cha kuonekana. Karatasi nzuri ya maua, isiyopitisha macho, inanidodea dukani. Wateja wanataka ile ya nailoni inayoonyesha kilichomo ndani. Siku ya sendofu mambo ni hayohayo: majirani wanainuka kwa kucheza, godoro liko kichwani, sufuria zinagongana, MC anataja kikundi na anataja kitu, na mtu wa kamati yuko pembeni na kalamu. Kitu kilichofichwa kwenye karatasi hakitajwi. Na kisichotajwa hakirudi.

Kurudi ndilo jambo lenyewe. Mfaransa Marcel Mauss aliandika mwaka 1925 kwamba zawadi ina wajibu ndani yake: kutoa, kupokea, kurudisha. Ni kweli, ingawa mama yangu mdogo, ambaye hajui kusoma, angeshangaa kwamba hilo lilihitaji kitabu. Huku kulikuwa na udugu wa kuchanjiana, omukago, ambao kwa Wahaya punje ya kahawa ilipakwa damu ya mmoja ikaliwa na mwenzake. Baada ya hapo ukimnyima ndugu yako msaada umejinyima mwenyewe. Kahawa hiyo hiyo, iliyochemshwa ikakaushwa, ilikuwa kitu cha kumpa mgeni mkononi akitafuna huku mazungumzo yakianza. Tangu mwanzo kahawa kwetu ilikuwa zawadi kabla haijawa zao la biashara.

Waliosoma Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka cha Aniceti Kitereza, riwaya ya Ukerewe iliyoandikwa kwanza kwa Kikerewe na kutoka kwa Kiswahili mwaka 1980, wataukumbuka mwanzo wake. Mke kachukuliwa na wazazi wake, mume anataka kumrudisha, wakwe wanadai pombe ya ndizi. Kinachofuata ni kurasa na kurasa za kutafuta ndizi, kuivisha, kukamua, kuomba vyombo, kuomba watu. Wapo wanaolalamika kwamba hadithi inakwenda polepole. Mimi naona ni riwaya bora kabisa ya Kiswahili kuhusu kamati ya maandalizi. Kila mtungi una mtu nyuma yake, na kila mtu atataka kukumbukwa.

Sasa nirudi dukani, maana nimezunguka kwa makusudi.

Mwaka wangu haufuati kalenda ya ukutani. Unafuata mti wa kahawa. Januari hakuna kitu, fedha yote ni ya ada na sare. Kwaresima makanisa hayafungi ndoa. Kahawa inaanza kuiva Mei, na Juni mpaka Agosti ndiyo miezi ambayo silali: harusi, sendofu, kicheni pati, Jumamosi moja ukumbi mmoja unagombewa na familia tatu. Septemba na Oktoba ni mahafali, nauza mashada yenye pipi na noti. Novemba senene wanaanguka na watu wanatuma zawadi ya kwao Dar es Salaam ndani ya ndoo ndogo, mimi sipati hata senti hapo. Desemba ubatizo na Krismasi. Kadi za michango huanza kugawiwa Machi. Nazo ni ahadi tupu, kwa sababu Machi mkulima hana fedha, ana kahawa mbichi kwenye matawi.

Kati ya maua na fedha pana miezi mingi. Ndiyo nafasi ya butura.

Kwa asiyejua: butura ni kuuza kahawa ingali mtini, mbichi, wakati mwingine ikiwa maua. Mwenye fedha anakupa leo, siku ya kuvuna anakuja na magunia yake. Bei ni ya mwenye shida, kwa hiyo si bei. Mwaka 2018 serikali iliipiga marufuku kwa ukali, viongozi wakaja mpaka mkoani kuisema, na kahawa ikaagizwa ipite kwenye vyama vya ushirika. Wanunuzi wa butura walisemwa kama wanyonyaji. Katika picha tuliyopewa alikuwa mtu wa nje mwenye gari, anayevusha magunia usiku kwenda Uganda. Wapo wa hivyo. Lakini mimi sina gari.

Ilikuwa Aprili 2016. Aliingia mzee wa upande wa Kyerwa, ambayo ilikuwa wilaya yake yenyewe tangu 2012 ingawa watu wazima bado walisema wako Karagwe. Kofia mkononi. Binti yake wa mwisho alikuwa na sendofu baada ya Pasaka, tarehe imeshapangwa na upande wa mwanaume, haisogei. Alitaka godoro, mablanketi mawili na seti ya vyombo.

"Mwanangu, nifungie. Kahawa ikiiva nalipa."

"Mzee wangu, daftari limejaa."

"Basi usiandike deni. Andika kahawa."

Alisema hivyo kwa upole, kana kwamba ananisaidia mimi. Vitu vyote vilikuwa vya laki moja na themanini. Tukakubaliana magunia matano ya maganda. Niliandika. Hapakuwa na mabishano, hapakuwa na vitisho. Nilimfungia kwa nailoni ya kuonyesha na riboni nyekundu, na riboni sikumtoza.

Sendofu nilikuwapo kwa sababu nilikuwa nimepamba ukumbi. Zamu ya wazazi ilipofika MC alitaja godoro, akataja mablanketi, akainua seti ya vyombo juu kabisa ili walio nyuma waone. Baba wa binti alisimama. Watu walipiga vigelegele, na yule mzee akanitazama mimi, mara moja tu, kisha akaangalia pembeni. Nilikuwa mtu pekee ukumbini niliyejua kwamba zile zawadi bado ziko mtini. Nilipiga makofi kama wenzangu.

Agosti nilituma kijana na magunia. Nilipouza nilipata karibu mara mbili ya laki moja na themanini. Na sikujisikia mwizi, lazima niseme ukweli. Nilijisikia mfanyabiashara hodari. Niliongeza rafu.

Miaka miwili baadaye, marufuku ilipotangazwa redioni na kila mtu akaanza kulaani wanyonyaji, ndipo nilipofungua daftari nikahesabu. Mbali na yule mzee nilikuta majina mengine sita. Godoro kwa magunia. Saa ya ukutani kwa debe nne. Nilikuwa nimefanya Kafuro ndogo kwenye kaunta yangu bila kumtoa mtu jasho, kwa tabasamu na riboni ya bure. Wale wa Kafuro nao, nadhani, walikuwa wapole.

Marufuku haikumaliza shida, nayo ni haki kuisema. Msimu ule fedha ya kahawa ilichelewa kuwafikia wakulima, na harusi hazikuchelewa. Ada nayo haikusubiri. Kamati zilikaa, kadi zikarudi tupu, watu wakaja kwangu na kofia mkononi kama zamani, na safari hii sikuwa na la kuwaandikia. Wengine niliwakopesha nikaandika fedha kwa fedha. Wengine niliwakatalia, na mmoja wa niliowakatalia aliolewa kwa zawadi ya mkeka na beseni. MC alizitaja zote mbili kwa sauti kubwa. Michango kwa simu imesaidia kidogo, ndugu wa Mwanza au Dar anatuma usiku huo huo, lakini yeye naye anataka jina lake lisomwe ukumbini. Kwa hiyo kazi yangu mojawapo siku ya sherehe ni kushika simu na kumnong'oneza MC majina.

Israel Katoke, aliyeandika historia ya ufalme wa Karagwe iliyochapishwa Nairobi mwaka 1975, ni mmoja wa wachache waliotuandika sisi Wanyambo kama watu wenye historia na si kama kituo cha mapumziko cha Wazungu waliokuwa wakienda Buganda. Natamani angetokea mwingine aandike maduka. Ufalme una wimbo na ngoma za kuukumbusha. Duka lina daftari tu, na madaftari tunayachoma yakijaa. Mimi la 2016 nimelificha kwenye sanduku la bati. Ndiyo, bati. Nilinunua kabla sijamsoma Speke.

Msimu wa 2024 bei ya kahawa ilipanda kuliko tulivyowahi kuona. Wazee walinunua mabati, vijana walinunua pikipiki, mimi niliuza fremu zote. Yule mzee alikuja Agosti, amepungua mwili, kofia ipo kichwani safari hii. Alitaka zawadi ya ubatizo wa mjukuu, mtoto wa yule binti. Alichagua blanketi la mtoto na seti ndogo ya vikombe, akauliza bei, akatoa noti na kuzihesabu mbele yangu moja moja, polepole, mpaka ya mwisho.

Nilimwambia nataka kumpunguzia. Akauliza kwa nini. Nilianza kusema habari ya yale magunia matano, maneno yakanikwama nusu njia.

"Yale tulikubaliana," alisema. "Hayo acha, waitu."

Nikamwambia basi nimfungie kwa ile karatasi nzuri ya maua, isiyoonyesha, zawadi yangu kwa mtoto. Akaitazama, akaigusa kwa kidole, akatikisa kichwa.

"Weka ile ya kuonyesha."