Ukuta Katikati ya Msitu

Mwezi wa Februari, nikiwa mgeni kwa mwanangu huko Vermont, kaskazini-mashariki ya Marekani, tulikwenda kutembea msituni: mwanangu, mkwe wangu, mjukuu wangu wa miaka 9 na mimi. Theluji ilifika magotini. Tulijifunga viatu vya theluji, ambavyo ni kama ungo mrefu chini ya buti. Siri yake si kubwa: uzito wa mtu husambaa juu ya eneo pana, naye hazami. Vyetu vilikuwa vya alumini na plastiki, lakini ujuzi huo ni wa wenyeji wa asili, na Waabenaki, wenye nchi hiyo tangu kale, wamo. Wao walipinda mti kwa mvuke, wakausuka kwa kamba za ngozi mbichi. Wazungu walijifunza kwao, kisha wakaichukua nchi.

Aliyevaa viatu hivyo hana budi kutembea kwa kutanua miguu. Mimi nilijikanyaga mwenyewe, nikaanguka kifudifudi. Mjukuu alicheka mpaka akakaa chini.

Tulipofika ndani kabisa, penye misonobari mirefu, nikaona mstari mrefu umeinuka chini ya theluji. Nilipofuta kwa mkono, nikakuta mawe yaliyopangwa. Ulikuwa ukuta.

"Babu, nani alijenga ukuta msituni?" mjukuu aliuliza.

Baba yake akajibu kwamba hapakuwa msitu. Walowezi walikata miti, wakang'oa mawe mashambani, wakayapanga mipakani. Mwaka 1811 mtu mmoja aitwaye William Jarvis alileta kondoo wa merino kutoka Ulaya, na watu wakaingiwa na wazimu wa sufu. Kufika mwaka 1840 Vermont ilikuwa na kondoo zaidi ya 1,600,000, na watu wasiofika 300,000. Vilima vikabaki vipara. Halafu bei ya sufu ikaanguka. Mwaka 1846 ushuru ulioilinda ukapunguzwa, na reli zikaleta mazao ya magharibi, kwenye ardhi pana isiyo na mawe. Vijana wakaondoka, wengine kwenda magharibi, wengine viwandani. Wazee wakabaki, wakafa, na miti ikarudi. Leo karibu robo tatu ya Vermont ni msitu.

Mbele kidogo palikuwa na shimo la msingi wa nyumba, na kando yake mtofaa mzee. Mkono wa mtu uliupanda.

Mjukuu akauliza tena, "Na watoto wao hawakurudi?"

Hapo hapakuwa na aliyejibu. Msomaji, sikuvuka bahari kwa ajili ya kutazama theluji. Nilikuwa na neno moyoni na sikujua nilianzeje. Kwetu Kilimanjaro tuna kihamba alichoniachia marehemu baba yangu. Mipaka yetu si mawe, ni masale, na anayeyang'oa masale amekosa adabu kwa walio hai na kwa waliozikwa humo. Kahawa imezeeka, migomba imesongwa na magugu, na jirani ameanza kuyasogeza masale kidogo kidogo, akijua kwamba mimi nina miaka 74 na mrithi wangu yuko mbali.

Nikamwambia mwanangu habari hiyo pale pale, nimeketi juu ya ukuta wa watu nisiowajua. Alinyamaza muda mrefu, akichokoa theluji kwa fimbo. Mwishowe akasema, "Baba, siwezi kukuahidi kwamba nitarudi kuishi. Lakini Desemba tutakuja wote, tupande masale upya."

Sikupata yote niliyoyataka. Walioondoka Vermont nao, nadhani, hawakuwa wavivu wala watovu wa adabu, walifuata riziki. Lakini mtoto aliyeonyeshwa mpaka kwa macho yake hawezi kusema hakujua. Tulirudi tukifuata nyayo zetu, mjukuu mbele, akiniuliza masale ni mti wa namna gani.