Nani Anaamua Saa ya Kuamka?

Mwaka 1962 Chuo Kikuu cha California kule Berkeley kilimkubali kijana mmoja anayeitwa Ed Roberts, halafu kikagundua hakina mahali pa kumlaza. Polio ilimpata akiwa na miaka 14, ikampooza kuanzia shingoni kushuka. Usiku alilala ndani ya pafu la chuma, mtungi mkubwa wa kumsaidia kupumua, wenye uzito wa zaidi ya kilo 300. Bweni gani lingebeba mzigo kama huo?

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo iliponishinda, kwa hivyo habari za watu waliong'ang'ania mlango wa chuo huwa nazisoma polepole. Huyu alikuwa ameshazoea kufungiwa milango. Shule yake ya upili ilitaka kumnyima cheti, eti hakusoma udereva wala kufanya mazoezi ya viungo. Mamake, Zona, akasumbuana na wakubwa wa elimu mpaka cheti kikatoka. Kisha idara ya jimbo iliyosaidia watu wenye ulemavu kupata kazi ikakataa kumlipia masomo. Mtu wa hali yake, walisema, hawezi kuajirika. Ilibidi habari ifike magazetini ndipo wakalegeza.

Mwishowe mkuu wa hospitali ya chuo, Cowell, akasema sawa, aje alale wodini. Wodi ikageuka bweni. Mwaka uliofuata akaja John Hessler, naye amepooza, na kufikia mwisho wa miaka ya 1960 walikuwa wamefika kama dazeni. Walijiita Rolling Quads.

Wengi wakisimulia kisa hiki hutaja pafu la chuma na ujasiri. Mimi kilichonishika ni jambo dogo la kila siku: wasaidizi. Jimbo lilitoa pesa za mtu wa kukuvalisha, kukulisha na kukusukuma hadi darasani. Mwanafunzi mwenyewe ndiye aliyemtafuta mtu huyo, akamfundisha kazi, akampangia saa. Wakishindwana, alimwachisha na kutafuta mwingine. Nesi hukuamsha kulingana na zamu yake. Msaidizi uliyemwandika mwenyewe huja saa uliyomwambia. Ukitaka kukesha ukibishana siasa na wenzako, ni wewe na yeye kupatana, bas.

Siku moja afisa wa idara ileile aliamua kwamba wanafunzi wawili hawafanyi vizuri masomoni, akataka watolewe. Wenzao wakagoma, wakaenda kwa waandishi wa habari. Aliyehamishwa ni afisa. Hapo wakaona wana nguvu. Mwaka 1970 walianzisha ofisi yao chuoni: ilikuwa na orodha ya wasaidizi, ilitafuta nyumba ambazo kiti cha magurudumu kinaingia, na ilitengeneza viti vilivyoharibika. Watu wa mjini ambao hata hawakuwa wanafunzi wakaanza kubisha hodi. Ndiyo maana mwaka 1972 kikazaliwa Kituo cha Kuishi kwa Kujitegemea, kikiendeshwa na watu wenye ulemavu wenyewe. Roberts alikuja kukiongoza. Na mwaka 1975 gavana Jerry Brown akamteua kuwa mkurugenzi wa idara ileile iliyosema hataajirika. Hapo nilicheka peke yangu kwenye matatu.

Sasa tuje nyumbani. Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008. Kifungu cha 19 kinasema mtu ana haki ya kuchagua anaishi wapi na nani, na kupata msaada wa kuishi katikati ya jamii. Miaka miwili baadaye tukapata katiba, na kifungu cha 54 kikaanza na heshima: mtu mwenye ulemavu atendewe kwa utu. Maandishi tunayo.

Lakini binamu yangu alianguka kutoka kwenye mparachichi miaka sita iliyopita, akavunjika shingo. Shangazi humwamsha saa kumi na moja alfajiri kwa sababu ndiyo nafasi aliyo nayo kabla ya kwenda shambani. Kisha jamaa anakaa kitini akingoja jua. Serikali hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa familia kama yao, na kwa kawaida pesa hizo hupitia kwa mlezi.

Mwaka jana binamu, ambaye huandika hesabu za chama cha kijiji kwenye simu kwa kidole kimoja, alianza kumlipa kijana wa jirani shilingi hamsini kila asubuhi. Kijana anakuja saa mbili. Shangazi aliumia kweli. "Kwani mimi nimekosa nini?" aliuliza. Binamu akamjibu, "Mama, hujakosa kitu. Lakini wewe siwezi kukufuta kazi."

Hawakuongea siku mbili. Ninawaelewa wote wawili. Kwetu, kumtunza mtu ni upendo, na kulipia upendo kunafanana na matusi. Ila upendo wa shangazi umemvunja mgongo, na mwanawe ana miaka 31 na hajawahi kuulizwa analala saa ngapi. Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu ni mwenye nyumba, na mpaka leo anahudumiwa kama mgeni.

Roberts alifariki mwaka 1995. Kiti chake kiko kwenye makumbusho ya Smithsonian kule Washington. Mimi ningependa zaidi kuona ile orodha ya wasaidizi: jina, simu, saa anazopatikana. Kitu cha daftari moja tu. Kila wadi hapa ina chifu au msaidizi wake, ina vijana wasio na kazi, na ina mtu kitini anayengoja jua. Pesa ya kuwalipa vijana hao ndiyo mjadala tunaopaswa kuufikisha bungeni. Daftari tunaweza kulianza Jumatatu.