Udongo wa Kuazima

Nilianza kuyasoma madaftari yale nikitaka kucheka. Kati ya 1937 na 1939, Tume ya Mapokeo Simulizi ya Ireland iliwatuma watoto wa shule za msingi wakawahoji wazee wa kwao, kisha waandike walichosikia. Humo mna tiba za kila namna: mwani uliochemshwa kwenye maziwa kutuliza kikohozi, utando wa buibui wa kuzuia damu, konokono wa kusugulia chunjua. Mtoto mwenye kifaduro alipitishwa mara tatu chini ya tumbo la punda.

Kwa punda ndipo kicheko kiliponiisha. Kifaduro kiliua watoto, na chanjo yake ilikuwa bado haijaenea. Mzazi anayemsikia mwanawe akitafuta pumzi usiku kucha hawezi kukaa tu. Punda hakumponya mtoto; labda alimpa mzazi kitu cha kufanya.

Lakini si kila tiba ilikuwa faraja tupu. Ng'ambo ya mpaka, Ireland ya Kaskazini, ambako madaftari yale hayakufika, kuna kijiji kiitwacho Boho. Inasimuliwa kwamba padri wa hapo, James McGirr, aliyefariki 1815, alisema udongo utakaomfunika utaponya yote aliyoyaponya akiwa hai. Wagonjwa wakachota udongo kidogo kaburini, wakaufunga kitambaani na kuuweka chini ya mto wa kulalia.

Mwaka 2018, watafiti wa Chuo Kikuu cha Swansea na wenzao, mmoja wao akiwa amewahi kuishi eneo hilo, walitangaza kwamba katika udongo huo wamepata bakteria wa jamii ya Streptomyces. Kwenye maabara, bakteria huyo alizuia vijidudu kadhaa vilivyo sugu kwa dawa. Jamii hiyohiyo ndiyo iliyotupa streptomycin, dawa ya kifua kikuu iliyogunduliwa 1943.

Hilo halithibitishi kwamba kulalia udongo kunaponya. Maabara si mwili wa mtu. Ila anayecheka tu hachoti udongo akaupime.

Tiba ya Boho ilikuwa na sharti moja: udongo ni wa kuazima, na baada ya siku chache sharti urudishwe kaburini. Labda ndiyo maana watafiti walipofika waliukuta bado upo.