Kwa Miguu Lubumbashi: Mji wa Waliokuja

(Muziki wa kufungulia. Unashuka taratibu. Sauti ya msimulizi inaingia.)

Leo tunavuka Ziwa Tanganyika na kushuka kusini hadi Lubumbashi, mji mkuu wa Katanga ya Juu huko Kongo. Tutakwenda kwa miguu. Ukiupita mji huu kwa gari utaona barabara pana na jakaranda zake, basi. Ukitembea utaona nani alikuja lini, na aliwekwa wapi.

Tuanzie kituo cha reli, kwa sababu mji wenyewe ulianza na reli. Mwaka 1910 njia ya treni ilifika hapa ikitokea kusini, kutoka nchi ambayo leo ni Zambia, kufuata shaba ya kampuni ya Union Minière. Mwaka huohuo Wabelgiji walipima viwanja na kuuita mji Élisabethville, jina la malkia wao. Mwaka uliofuata tanuru la kuyeyushia shaba likawashwa kando ya mto Lubumbashi. Bomba refu la moshi la kiwanda hicho, na mlima mweusi wa mabaki ya shaba ulio pembeni yake, ndiyo picha ya mji hadi leo.

Huenda utashangaa kusikia kwamba mji huu wa Wabelgiji ulianza kwa kusikia Kiingereza zaidi ya Kifaransa. Wazungu wengi wa mwanzo walipanda treni kutoka kusini, na fedha ya Kiingereza ilipokelewa madukani. Vibarua nao waliletwa kutoka Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland, yaani Zambia na Malawi za leo. Wabelgiji waliingiwa na hofu kwamba Waingereza wangewameza. Kwa hiyo Kifaransa kikasimikwa ofisini, mahakamani na kwenye vibao vya barabara. Na kwa wafanyakazi Waafrika? Huko kikachaguliwa Kiswahili.

Hapa tusimame kidogo. Kiswahili hakikuwa lugha ya mama ya wenyeji wa eneo hili. Kilikuwa kimekuja na misafara ya biashara kutoka mashariki, na kilikuwa na sifa moja iliyowapendeza wakubwa: hakikutoka kwa Waingereza wa kusini. Mtaalamu Johannes Fabian, aliyeandika kitabu kizima juu ya suala hili, anaonyesha kwamba siasa ilikuwa na nafasi kubwa katika uchaguzi huo. Lakini lugha ikishatoka mikononi mwa bwana haimrudii. Mluba wa Kasai, Mbemba na Mtetela walikutana ndani ya Kiswahili, wakakikata na kukishona upya, wakatia maneno ya Kifaransa na ya makwao. Ugali wakauita bukari. Watoto waliozaliwa kambini hawakuwa na lugha nyingine ya kuchezea.

Tukiingia katikati ya mji tunapita kanisa kuu la Mtakatifu Petro na Paulo, la matofali, kazi ya wamisionari Wabenedikto. Si mbali tunakuta jengo ambalo wageni wengi hawalitarajii: sinagogi, lililojengwa karibu na mwaka 1930 kwa mchoro wa Raymond Cloquet. Wayahudi wengi walioswali humo walitoka kisiwa cha Rhodes, katika bahari ya Mediterania. Nyumbani walisema Kihispania cha kale cha mababu zao, na Kifaransa walikuwa wamekipata katika shule za Kiyahudi kisiwani kwao, kwa hiyo Élisabethville haikuwatisha. Walifungua maduka, wakaitana, ndugu kwa ndugu. Mwezi Julai 1944 Wajerumani waliwakusanya Wayahudi waliobaki Rhodes, zaidi ya watu 1,600, wakawapeleka Auschwitz. Waliorudi ni wachache sana. Familia zilizokuwa zimekuja Kongo kuuza vitambaa ndizo zilizosalia.

Wagiriki nao walikuwa na kanisa lao la Kiorthodoksi. Baadhi yao walikaa Kasenga, kwenye mto Luapula, wakileta samaki mjini. Waitaliano walikuwa mafundi na wajenzi. Wote hawa, wakishaandikisha watoto shule, walianza kuwa watu wa Kifaransa.

Sasa tuelekee Kamalondo, mtaa wa Waafrika uliopimwa mwaka 1921. Katikati ya mtaa huo na mji wa Wazungu iliachwa nafasi tupu ya mamia ya mita. Sababu iliyotolewa ilikuwa mbu: eti mbu wa malaria hawezi kuruka umbali huo. Mpishi, dobi na yaya waliuvuka uwanja huo asubuhi na jioni, na usiku hawakuruhusiwa kuonekana upande wa pili. Inaonekana mbu wa mchana alikuwa amesamehewa.

Mwaka 1965 wafanyakazi hao wa majumbani waliandika historia yao wenyewe ya mji huu. Mkusanyaji alikuwa André Yav. Jina la kitabu ni la Kifaransa, maana yake Msamiati wa Mji wa Élisabethville, lakini ndani ni Kiswahili cha Lubumbashi mwanzo hadi mwisho. Wasimulizi ni watu waliobeba trei na kusikiliza.

Jambo moja hawakuweza kulisahau. Desemba 1941, wakati wa vita, wafanyakazi wa Union Minière waligoma kudai mshahara. Walikusanyika katika uwanja wa mpira. Tarehe 9 askari walifyatua risasi, na makumi ya watu wakafa, akiwemo Léonard Mpoyi, karani aliyekuwa msemaji wao.

(Muziki mfupi.)

Msikilizaji, hadi hapa nimekuhesabia waliokuja. Sasa tufike kwenye swali lililoumiza mji huu mara mbili: nani mwenyeji?

Kuanzia miaka ya 1920 kampuni ililenga kuwapata wafanyakazi wa kudumu, waje na wake na watoto. Wengi walitoka Kasai. Walisoma mapema, wakapata ukarani na ufundi. Uchaguzi wa kwanza wa mji ulipofanyika mwaka 1957, umeya wa mitaa ya Waafrika ulikwenda kwa watu wa nje ya Katanga. Mwaka uliofuata kikaundwa chama cha Conakat, kikisema Katanga ni ya wenye Katanga. Viongozi wake wakubwa walikuwa Moïse Tshombe na Godefroid Munongo.

Munongo alitoka katika ukoo wa Msiri. Na Msiri ni nani? Ni mfanyabiashara aliyetoka Unyamwezi, Tanzania ya leo, katika karne ya 19, akajenga dola yake Bunkeya, akauawa na msafara wa Wazungu mwaka 1891. Basi sauti mojawapo kubwa ya wenyeji wa Katanga ilikuwa ya uzao wa mgeni kutoka kwetu. Ugeni wake ulikuwa umeshasahaulika.

Katanga ilipojitenga Julai 1960, Waluba walionekana maadui. Mwaka 1961 makumi ya maelfu yao walikimbilia kambi ya Umoja wa Mataifa pembezoni mwa mji huohuo waliokuwa wakiishi. Wengi walirudishwa Kasai kwa treni.

Mwaka 1992 yakajirudia. Wanasiasa waliwaita Wakasai bilulu, neno ambalo katika Kiswahili cha Katanga maana yake ni wadudu. Likasi na Kolwezi ndizo zilizoumia zaidi. Mamia ya maelfu ya watu walifukuzwa makwao, wengi wakiwa wamezaliwa Katanga na hawajawahi kuiona Kasai. Walipiga kambi vituoni wakisubiri treni zisizokuja, wiki na miezi, na wengi walifia hapo au njiani kwa njaa na maradhi. Tukana lile halikusemwa kwa Kifaransa cha ofisini. Lilisemwa kwa Kiswahili, lugha ambayo mtukanaji na mtukanwa walijifunza kwenye mchanga mmoja.

Kabla hatujarudi kituoni, tuingie sebuleni kwa mtu. Miaka ya 1970 nyumba nyingi za mitaa hii zilitundika ukutani picha za rangi walizoziita ukumbusho: mto wa kwao, mfungwa akichapwa fimbo enzi za Wabelgiji, bomba la kiwanda. Mchoraji mmojawapo, Tshibumba Kanda Matulu, alizaliwa mji huu mwaka 1947, wazazi wake wakitokea Kasai. Alichora historia ya nchi nzima, picha zaidi ya 100, akimweleza Fabian kila moja kwa Kiswahili. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 hakujulikana alipo.

Wakasai wengi walirudi baadaye. Wanakaa Kamalondo, wanakaa Katuba, na treni ya Kasai ikifika bado watu huenda kituoni kutazama nani anashuka.

(Muziki wa kufungia.)