Jean Purdy: muuguzi nyuma ya mtoto wa kwanza wa "chupa"

Huenda umewahi kusikia watu wakisema fulani ni "mtoto wa chupa". Hakuna mtoto anayekua kwenye chupa. Yai la mama na mbegu za baba hukutanishwa maabara kwenye chombo kidogo, na baada ya siku chache kiinitete hurudishwa kwenye mfuko wa uzazi. Kuanzia hapo ni mimba kama nyingine. Kati ya watu watatu waliofanikisha hilo kwanza, mmoja alikuwa muuguzi: Jean Purdy wa Uingereza.

Alizaliwa Cambridge mwaka 1945, akasomea uuguzi hospitali ya Addenbrooke's mjini humohumo. Mwaka 1968 akawa msaidizi wa maabara wa mwanasayansi Robert Edwards, aliyeshirikiana na daktari wa wanawake Patrick Steptoe huko Oldham, mbali kaskazini. Jean alisafiri kati ya miji hiyo kwa miaka. Aliandaa maji maalumu ya kutunzia mayai, akaandika kumbukumbu za majaribio, na alikuwa karibu na wanawake waliokuja kutibiwa. Hadi mwaka 1978 walikuwa wamefika 282, wengi wao wakarudi nyumbani bila mtoto. Mama yake alipougua, Jean alikwenda kumuuguza, na kazi yote ikasimama. Ukiwa mlezi, hilo halihitaji maelezo.

Mwaka 1977 alikuja Lesley Brown. Alikuwa ametafuta mtoto kwa miaka tisa, na mirija yake ya uzazi ilikuwa imeziba. Steptoe alitoa yai moja. Jean ndiye aliyekuwa wa kwanza kuona kwa hadubini kiinitete kikigawanyika. Louise Brown alizaliwa tarehe 25 Julai 1978.

Nisimame kidogo kwenye mirija. Ndiyo njia ambamo yai hukutana na mbegu; ikiziba, mwanamke anaweza kupata hedhi kila mwezi na asishike mimba. Si laana, wala si uchawi. Mara nyingi chanzo ni maambukizi: klamidia au kisonono kisichotibiwa, au uambukizo baada ya kujifungua au mimba kuharibika. Klamidia inaweza kukaa mwilini bila dalili yoyote. Kwa hiyo ukipata homa, maumivu chini ya kitovu au uchafu wenye harufu mbaya ukeni, nenda kituo cha afya mapema, umalize dawa zote, na mwenzako naye atibiwe. Kama mmetafuta mtoto mwaka mzima bila mafanikio (miezi 6 ukiwa umepita miaka 35), mkapimwe wote wawili. Kumpima mke peke yake ni kazi nusu, kwa sababu tatizo linaweza kuwa kwa mume.

Mwaka 1980 Jean na wenzake walifungua kliniki ya Bourn Hall, karibu na Cambridge. Alifariki kwa saratani ya ngozi mwaka 1985, akiwa na miaka 39. Oldham walipoandaa kibao cha kumbukumbu, Edwards aliwaandikia kuwa mchango wa Jean ulilingana na wake, lakini jina lake halikuwekwa. Tuzo ya Nobel ya mwaka 2010 alipewa Edwards peke yake, kwani tuzo hiyo hawapewi waliokwisha kufa. Jina la Jean liliandikwa pamoja na ya wenzake kwenye kibao kilichowekwa Bourn Hall mwaka 2015.