Fahamu namna mbolea ya naitrojeni inayoachia taratibu inavyojaribiwa kwenye ngano ya maeneo makavu

Mkulima wa Kyimo, kata iliyo kando ya barabara kuu ya Mbeya–Tukuyu wilayani Rungwe, hupoteza mbolea kwa sababu ya wingi wa mvua. Mkulima wa ngano wa Basotu, wilayani Hanang mkoani Manyara, huipoteza kwa sababu ya uhaba wa mvua hiyo hiyo. Wote wawili hununua urea ileile, yenye naitrojeni asilimia 46.

Urea ikiingia udongoni hugeuka kuwa amonia, kisha bakteria huifanya kuwa naitreti. Katika ardhi kavu, urea iliyomwagwa juu bila kufukiwa hupotelea hewani ikiwa amonia, hasa pale udongo unapokuwa na magadi. Rungwe, ambako mvua katika baadhi ya maeneo huzidi milimita 2,000 kwa mwaka, naitreti huoshwa na kushuka chini ya mizizi.

Mbolea inayoachia taratibu hutengenezwa kwa kuifunika punje ya urea kwa salfa au kwa utando wa plastiki maalumu, ili virutubisho vitoke kidogo kidogo. Ipo pia urea iliyochanganywa na kizuizi cha kimeng'enya kinachoivunja. Hiyo huuzwa kwa sifa zinazofanana, lakini kwa usahihi ni mbolea iliyotulizwa, si ya kuachia taratibu.

Ugumu uko hapa: utando huo huhitaji unyevu na joto ili ufanye kazi. Ngano nayo huhitaji naitrojeni nyingi tangu inapotoa machipukizi hadi shina linaporefuka. Udongo ukikauka katikati ya kipindi hicho, mbolea hubaki ndani ya punje wakati mmea una njaa. Ikitoka baadaye huweza kuongeza protini ya nafaka, ila mavuno yaliyopungua hayarudi.

Kwa hiyo jaribio lenye maana huwa na vipande visivyotiwa naitrojeni kabisa, vinavyotiwa urea ya kawaida kwa awamu, na vinavyotiwa mbolea mpya kwa kiwango kamili na kilichopunguzwa. Kinacholinganishwa ni kiasi cha naitrojeni, si idadi ya mifuko. Kilo 60 za naitrojeni kwa hekta ni takribani kilo 130 za urea. Mbolea iliyofunikwa yenye asilimia 43 itahitaji karibu kilo 140. Kila kipande hurudiwa mara kadhaa, na jaribio huendelea zaidi ya msimu mmoja, kwa kuwa mwaka wa mvua nzuri huficha tofauti. Baada ya kuvuna hupimwa uzito wa nafaka, naitrojeni iliyobaki udongoni na protini, ambayo kwa ngano hupatikana kwa kuzidisha naitrojeni ya nafaka kwa 5.7.

Matokeo ya Hanang, hata yakiwa mazuri, hayawezi kuhamishiwa Kyimo bila kupimwa upya katika udongo wake wa volkano. Kwa Nyanda za Juu Kusini, utafiti wa mazao hufanywa na Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) kupitia kituo chake cha Uyole, Mbeya.

Usajili wa mbolea uko chini ya Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania (TFRA), kwa Sheria ya Mbolea ya mwaka 2009. Mbolea zilizofunikwa huwa ghali kuliko urea ya kawaida, hivyo hesabu ya mwisho ya jaribio ni thamani ya mavuno yaliyoongezeka, ikitolewa tofauti ya bei.