Nani Apokelewe? Guangzhou na Viwango vya Ithibati vya Kliniki za Afya ya Akili na Uraibu

Wakaguzi wanaotoa ithibati kwa kliniki huanza na vitu vinavyohesabika: vyumba, vyeti vya watumishi, makabati ya dawa. Vitu hivyo vina umuhimu wake. Hata hivyo, makala haya yanadai kwamba katika huduma za jamii za afya ya akili na uraibu, hatima ya mgonjwa huamuliwa zaidi na masharti ya kupokelewa: nani anakubaliwa, kwa ugonjwa upi, na nani anarudishwa nyumbani. Viwango visivyogusa masharti hayo hubaki vikuukuu hata vikichapishwa upya. Dai hili linapimika vizuri Guangzhou, mji wa kusini mwa China ambako historia ya uraibu na historia ya tiba ya akili zimekaa jirani kwa muda mrefu bila kuunganishwa.

Njia mbili katika mji mmoja

Kabla ya vita vya kasumba, wafanyabiashara wa Ulaya waliokuja China kwa bahari waliruhusiwa kufanya biashara Guangzhou tu, na kasumba ikapitia huko. Juni 1839 Lin Zexu, mjumbe wa mfalme, aliteketeza makasha yapatayo 20,000 ya kasumba huko Humen, karibu na mji huo. Vita na Uingereza vikafuata. Uraibu ukawa suala la dola na heshima ya taifa kabla haujawa suala la daktari.

Tiba ya akili ilishika njia nyingine. Mwaka 1898 daktari mmisionari wa Kimarekani, John G. Kerr, alifungua huko Fangcun, Guangzhou, hospitali ya kwanza ya wagonjwa wa akili nchini China. Inasimuliwa kwamba mgonjwa wa kwanza alikuwa amefungwa mnyororo kwenye jiwe kwa miaka mitatu. Kerr alisimamia kanuni tatu: watu hawa ni wagonjwa na hawastahili lawama kwa wanayoyatenda, wako hospitalini, si gerezani, nao ni binadamu, si wanyama. Hospitali ya Ubongo ya Chuo Kikuu cha Tiba cha Guangzhou huhesabu chimbuko lake hapo. Kanuni hizo tunaweza kuziita viwango vya mwanzo vya huduma hiyo, kwa kuwa zilieleza mtu apokelewe kama nani.

Njia hizo mbili bado zinaonekana katika sheria za China. Sheria ya Kudhibiti Dawa za Kulevya, iliyoanza kutumika tarehe 1 Juni 2008, inavipa vyombo vya usalama uwezo wa kumweka mraibu katika kituo cha lazima cha kuachishwa dawa kwa miaka miwili. Sheria ya Afya ya Akili, iliyoanza tarehe 1 Mei 2013, inafanya hiari kuwa msingi wa kulazwa, isipokuwa pale mgonjwa anapohatarisha nafsi yake au wengine. Mtu mwenye maradhi yote mawili anaangukia chini ya falsafa mbili zinazopingana.

Masharti yalipolegezwa, na dawa zilipobadilika

Mwaka 2004 China ilifungua kliniki 8 za majaribio za methadoni, dawa mbadala kwa watumiaji wa heroini. Masharti ya awali yalikuwa makali: mhitaji awe amejaribu kuacha mara kadhaa akashindwa, awe amepitia vituo vya kuachishwa, awe amefikisha miaka 20, na awe mkaazi aliyesajiliwa mahali hapo. Kwa hiyo mgonjwa alitakiwa kwanza athibitishe kuwa ameshindwa ndipo asaidiwe. Katika mji kama Guangzhou, unaokaliwa na mamilioni ya wahamiaji wa ndani waliosajiliwa mikoa mingine, sharti la ukaazi peke yake lingetosha kuwaacha wengi nje. Mwaka 2006 masharti yalilegezwa, na katika miaka michache kliniki zilizidi 700. Fedha za serikali na hofu ya kuenea kwa VVU zilichangia sana ongezeko hilo, lakini kliniki mpya zisingewafaa wengi kama wangeendelea kuzuiwa kuingia.

Kisha dawa zenyewe zikabadilika. Katika mkoa wa Guangdong, ambao Guangzhou ndiyo makao yake makuu, ketamini na methamfetamini zilishamiri. Desemba 2013 polisi walivamia kijiji cha Boshe na kukamata takriban tani 3 za methamfetamini. Methadoni hutibu uraibu wa dawa za jamii ya kasumba tu, kama heroini. Mtumiaji wa methamfetamini huweza kuja akisikia sauti na kuhisi kuwa anawindwa, naye anahitaji daktari wa akili. Wakati huohuo, mpango wa taifa wa huduma za jamii kwa maradhi makali ya akili, maarufu kama Mpango 686, ulioanza mwishoni mwa 2004, unafuatilia maradhi sita, na uraibu haumo. Kila mpango unaweza kutimiza viwango vyake vyote, na mtumiaji huyu wa methamfetamini akabaki bila wa kumhudumia.

Afrika Mashariki irekebishe nini?

Kwetu kuna nafasi ambayo China haikuitumia mapema. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza tiba ya methadoni Februari 2011. Zanzibar ilifuata mwaka 2015 katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Kidongo Chekundu. Nairobi ilianza Desemba 2014 katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari. Na huko Dodoma, kituo cha tiba ya uraibu cha Itega kiko chini ya hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mirembe. Huduma za uraibu na za afya ya akili tayari zinakaa pamoja, ila usimamizi haujaungana. Nchini Kenya, NACADA, mamlaka ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya iliyo chini ya wizara ya usalama wa ndani, ndiyo inayoidhinisha vituo vya urekebishaji. Tanzania Bara, mamlaka ya kupambana na dawa za kulevya iko chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, na nyumba za upataji nafuu huendeshwa kwa sehemu kubwa na asasi za kiraia na waraibu waliopata nafuu.

Marekani imejaribu kuliziba pengo hili. Sheria ya mwaka 2014 ilianzisha kliniki za jamii zinazothibitishwa kwa huduma zote mbili kwa pamoja. Vigezo vikatolewa mwaka 2015 na kurekebishwa mwaka 2023. Kliniki inayotaka ithibati hairuhusiwi kumkataa mtu kwa sababu ya mahali anapoishi au kwa kukosa fedha, inatakiwa kuwa na huduma ya dharura saa 24, na wanaotumia huduma wawe na sauti katika uongozi wake.

Ninapendekeza mambo manne. Kwanza, masharti ya ukaazi na ya kushindwa kuacha yafutwe popote yalipo. Pili, kila anayeingia apimwe uraibu na afya ya akili siku ileile, awe na faili moja. Tatu, kliniki itoe takwimu za wanaobaki katika tiba baada ya miezi 6 na miezi 12, na ithibati itegemee takwimu hizo. Nne, taarifa za mgonjwa zisivuke kwenda polisi bila amri ya mahakama. Watafiti wa China wameonyesha mara nyingi kuwa hofu ya kukamatwa huwafanya watu wazikimbie kliniki.

Wapo watakaosema kuwa kulegeza masharti kutazijaza kliniki zenye watumishi wachache na kuruhusu methadoni ivuje mitaani. Hofu hiyo ina msingi. Lakini udhibiti wa dawa ni kazi ya dirishani, pale mgonjwa anapoinywa mbele ya muuguzi. Hauhitaji kumzuia mtu asiingie. Na uhaba wa watumishi ni sababu ya kuidai bajeti. Anayerudishwa leo hatoweki: atarudi akiwa na VVU, akiwa na majeraha, au akiletwa na polisi, na gharama yake itakuwa kubwa zaidi. Wizara za afya za Tanzania, Zanzibar na Kenya zinapaswa kuanza marekebisho yao kwa ukurasa wa masharti ya kupokelewa, kisha ndipo zihesabu vyumba.